Ugonjwa Usio na Mtumaji

Vidole vya Lidia vilianza kufa asubuhi ya kuosha kahawa. Hapa sijatia chumvi. Vilikufa huku anaviangalia. Ilikuwa Juni, na Juni ya Mpepai, juu milimani kwa Wamatengo, haina adabu: ukungu unaingia ndani bila hodi na kukaa jikoni mpaka saa nne, kama mgeni anayesubiri chai. Kahawa ilikuwa imemenywa, imevundikwa, imebaki kuoshwa, na kahawa haioshwi kwa maji ya moto. Lidia alizamisha mikono kwenye beseni. Alipoitoa akakuta vidole vinne vya mkono wa kulia vimekuwa vyeupe kama mishumaa ya altareni. Akavisugua kwenye kitenge. Vikageuka bluu, ile bluu ya wino uliomwagika. Akavipulizia pumzi. Vikawa vyekundu, vikaanza kuchoma kana kwamba ameviingiza kwenye makaa.

Mama mkwe wake, Kunigunda, alikuwa upande wa pili wa beseni. Bibi wa miaka sabini na ushee, na mikono yake ilikuwa mle mle majini inafanya kazi kama haijaambiwa kwamba kuna baridi. Akavitazama vile vidole, kisha akamtazama mwenye vidole.

"Mikono ya ziwani hiyo," akasema, akaendelea kuosha.

Maneno hayo yalikuwa na umri sawa na ndoa. Lidia alitokea Kihagara, chini kabisa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa Waanglikana wanaokula ugali wa muhogo na kuijua mvua kwa kuangalia milima ya Msumbiji na Malawi. Othmar alimpata siku aliyoteremka kununua usipa, vile visamaki vidogo vya kukausha. Alikwenda kutafuta debe moja la usipa akarudi na debe na uchumba. Ndugu zake wakampokea bibi harusi vizuri tu, wakamwingiza Ukatoliki, halafu wakamkabidhi jembe. Maana kwa Wamatengo mke hapimwi kwa sura. Anapimwa kwenye ngolo. Mume anafyeka majani mlimani, anayalaza kwa mistari inayokatana. Mke anakuja nyuma yake, anachimba katikati ya kila mraba na kuyafukia yale majani kwa udongo wake, mpaka mlima mzima unabaki na mashimo yaliyopangana kama sega la nyuki. Mke mvivu anaonekana kutoka ng'ambo ya bonde. Huna haja ya kumuuliza mtu.

Mwaka wa kwanza ngolo za Lidia zilikuwa burudani ya kijiji. Moja imepinda, nyingine ungeweza kulaza ng'ombe. Watu walibadilisha njia ya kwenda kanisani ili wapite pale. Miaka ikaenda, wakaanza kupita bila kucheka, na ikaenda tena, mpaka siku moja Kunigunda mwenyewe akasimama ukingoni mwa shamba, akachungulia chini, akasema, "Hapa mvua itakaa." Akaondoka. Sifa nyingine kutoka kwa yule bibi haikuwahi kutokea, kabla wala baada, kwa mtu yeyote. Lidia aliyachukua yale maneno matatu akayatunza kuliko cheti cha ndoa.

Kwa hiyo vidole vilipokufa hakuogopea vidole. Aliogopea jembe.

Na alikuwa na haki. Baada ya ile kahawa, akawa anaamka asubuhi mikono imevimba imekuwa kama maandazi, pete haitoki wala haizunguki. Magoti yakaanza kulia. Zahanati wakamwambia ni baridi yabisi, wakampa vidonge vya maumivu, na jina lenyewe likawafurahisha wakwe kwa sababu lilikuwa na baridi ndani yake. Wao walikwisha sema. Miezi ikapita. Sasa akawa hawezi kuinuka kwenye kigoda bila kushika ukuta, na ndoo ya maji ikawa haifiki kichwani. Hospitali nyingine wakapima wakasema tatizo ni misuli, inaliwa na ugonjwa wa misuli. Kisha mashavu yakaota madoa meusi, moja huku na moja huku, yameunganishwa juu ya pua kama kipepeo aliyetandaza mbawa, na mdomoni vidonda. Hospitali ya tatu wakasema hii ni lupasi. Kuna daktari kijana aliyeminya ngozi ya vidole vyake, iliyoanza kukazana kama ngozi ya ngoma, akataja la nne ambalo hakuna aliyelikariri.

Akawa kama mtoto aliyebatizwa na mapadri wanne, kila mmoja na jina lake, na wote wana maji ya baraka.

Mpepai walipiga hesabu zao. Mtu mmoja hawezi kuugua magonjwa manne kwa mpigo, labda awe ametumiwa uchawi. Swali lilikuwa moja tu, nani katuma. Halafu vidonda vidogo vikatokea kwenye ncha za vidole, vya kukauka na kuacha vishimo. Hakuna aliyelitaja neno ukoma. Walichofanya ni kuleta sahani. Siku moja mchana wanawake wa nyumba walikaa kwenye ugali mmoja na maharage kama siku zote, na pembeni, juu ya kigoda, ikawekwa sahani ya bati yenye ua, na Kunigunda akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ya kwako hii, mama, ule kwa nafasi." Lidia akala kwa nafasi. Nafasi ilikuwa kubwa mno.

Othmar hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa nafuu, mtu angemchukia akapumzika. Alikuwa mtu wa maneno machache tu, wa aina ile ambayo ukimuuliza habari za safari anasema "nimefika". Usiku alimkanda mkewe mikono kwa mafuta ya alizeti mpaka vidole vikalegea, bila kusema kitu. Mchana mama yake akiweka ile sahani, vilevile hakusema kitu.

Habari zikateremka ziwani. Zikipanda na kuteremka njiani zinanenepa, kwa hiyo kaka yake Lidia, Cleopa, mvuvi wa Kihagara mwenye sauti ya kuita mtumbwi kutoka nchi kavu, alizipata zikiwa zimeshiba: dada yako analishwa kama mbwa. Akaja. Akakataa kukaa, akakataa chai, akamwambia Othmar shemeji nilikukabidhi mtu mzima. Othmar akamfungia mkewe nguo kwenye begi. Akamsindikiza mpaka barabarani, akasimama pale gari lilipoondoka, na Lidia kupitia kioo cha nyuma akamwona anapungua.

Sasa angalia mambo. Kule Kihagara hakuna baridi ya kuua kidole. Wiki haikuisha, vidole vikarudisha rangi. Akashika kijiko, akashika sindano, akafunga kamba ya nguo mwenyewe. Ukoo mzima wa ziwani ulikuja kuviangalia vile vidole kama watu wanaokwenda kumwona mtoto mchanga. Cleopa akavinyanyua mbele ya wageni, akisema mmeona, mmeona, kaondoka kwa Wamatengo kapona, sasa mnataka ushahidi gani tena. Mambo yakawa wazi: mtumaji ni yule bibi Kunigunda. Lidia alijaribu kusema kwamba mama mkwe ana ulimi lakini hana uchawi, maana angekuwa nao asingehangaika na ulimi. Wakamwambia ndivyo wanavyokuwa, wanakuziba macho.

Kwa furaha ya kupona akaomba kazi. Hakutaka kula cha bure kwa mke wa kaka. Na kazi ya mwanamke pale ni kuanika usipa: unautandaza kwenye vichanja, unaugeuza, jua la mchangani linakupiga juu na mchanga unakurudishia kwa chini. Akageuza usipa siku ya kwanza, akageuza ya pili. Ya tatu uso ukawaka moto. Kipepeo akaamka, akanenepa. Homa ikapanda, viungo vyote vikaanza kuuma kwa pamoja kama kwaya, nywele zikaanza kubaki kwenye kitana.

Kilichomponya vidole ndicho kilichomchoma uso. Juu kuna baridi inayomuua mikono, chini kuna jua linalomla ngozi. Lakini hilo lilikuwa jambo dogo mno kwa watu wenye akili kubwa. Wao walisema mtumaji kaona mtu wake katoroka, kamfuata.

Nywele ndizo zilizoharibu kila kitu.

Zilikuwa zinatoka mbele, juu ya paji, vipande vipande, na nyuma ya masikio. Lidia akawa anafunga kitambaa asubuhi na kukifungua gizani. Siku moja upepo wa ziwani, ule wanaouita mwera, ulivuma ghafla, watu wakakimbilia vichanja kufunika usipa, na yeye akakimbia nao kwa hayo magoti yake. Akajikwaa. Kitambaa kikaondoka kichwani, kikaenda mpaka kwenye maji. Wanawake wote wa ufukweni wakasimama na maturubai mikononi. Kichwa kilikuwa wazi mbele, kinang'aa.

Sasa mtu wa kwingine angeona mama mgonjwa mwenye upara. Lakini kusini huku kichwa cha mwanamke mtu mzima kikiwa wazi bila msiba, kina maana moja tu: amenyolewa. Watu wakimshuku mtu uchawi wanampeleka kwa mganga, ananyolewa nywele, ananyweshwa dawa, na uchawi wake unakuwa umekwisha. Anarudi kijijini, anasalimiwa kama wengine. Ni kama kulipa faini. Aibu iko kwa anayekwenda kunyolewa kwa siri, kwa sababu huyo alikuwa anajijua. Mke wa Cleopa aliokota kitambaa majini, akakikamua, akamrudishia wifi yake bila kumtazama machoni. Jioni ile nyumba nzima ilikuwa na adabu ya kutisha. Hakuna aliyemgombeza wala kumtuma. Watoto wakahamishiwa kulala chumba kingine.

Lidia alikaa pale miezi minne akisalimiwa vizuri. Kama hujawahi kusalimiwa vizuri na watu wanaokuogopa, huijui upweke. Akiingia jikoni, mazungumzo yanahamia hali ya hewa. Akishika kata ya maji, inaoshwa, lakini inaoshwa baadaye, kwa heshima. Jumapili benchi la kanisani lililokuwa la watu sita lilimtosha peke yake. Alikuwa anampigia simu Glorious, binti yake aliyekuwa akisoma bweni Songea, jioni za kupigiwa, na kumwambia huku pazuri, kuna upepo.

Aliyekuja kumtoa ni Othmar. Wakwe zake waliacha milango wazi wakajifanya hawapo. Alikuwa amesikia kwamba katika hospitali moja kubwa nje ya mkoa kuna daktari bingwa wa magonjwa ya viungo. Alisema, "Twende," na hiyo kwake ilikuwa hotuba.

Zile siku za safari ndizo Lidia anazozikumbuka mpaka leo kwa furaha, ingawa alikuwa mgonjwa kuliko siku zote. Katika mji ule hakuna aliyewajua. Walikula chipsi mayai kwenye sahani moja, wakigombania vile vipande vya kuungua, na mhudumu akawaita baba na mama kana kwamba ni watu tu. Othmar akanunua mwavuli mweusi, akawa anamfunika mkewe barabarani hata pale palipokuwa na kivuli.

Daktari alikuwa mama mfupi mwenye haraka, lakini akiongea haraka yote inaisha. Alichukua damu, ikapelekwa Dar es Salaam, wakasubiri, ikarudi. Akawaweka chini. Akawaambia mwili una askari wake, kingamwili, kazi yao kupambana na vijidudu. Katika damu ya Lidia wamo askari wengi kupita kiasi wa aina moja, yenye jina la herufi tupu, ambao badala ya kulinda mji wanapiga wenyeji. Wanapiga mishipa ya vidole, vidole vinakufa ganzi. Wanapiga viungo, misuli, ngozi. Ndiyo maana kila hospitali ilisema chake. Hakuna iliyokosea. Ni magonjwa matatu au manne yamepanga nyumba moja, na hao askari ndio mlango wanaopitia wote. Hauambukizi. Hakuna aliyeutuma. Haujulikani umetoka wapi na pengine hautajulikana. Hauponi, ila unatulizwa, na mtu anaishi.

Lidia akauliza alichokuja nacho moyoni tangu ziwani. "Mama daktari, mtoto wangu atauchukua?"

"Inawezekana, ila wengi hawachukui. Usimhesabie ugonjwa ambao hana."

Akampa vidonge vya kupoza mwili na vingine ambavyo mfamasia alisema ni ndugu wa klorokwini, ile dawa chungu ya malaria ya zamani. Akampa masharti: asiguse maji ya baridi, asikae juani, asiache dawa hata akijisikia mzima, na macho yapimwe kila mwaka. Mwisho akasema kama inawezekana akae mahali pasipo na baridi kali wala jua kali. Othmar na Lidia wakatazamana. Walikuwa na nyumba mbili, na daktari alikuwa amezifuta zote kwa sentensi moja.

Lidia alirudi amebeba ule ukweli kama mtu anayebeba yai. Hakuna mtumaji. Si Kunigunda, si mtu. Akaona sasa koo mbili zitakaa chini, zitaombana radhi, yeye ataingia nyumbani kwake Mpepai na kuvaa soksi mikononi kama kichekesho, na mambo yataisha. Lakini alipofika alikuwa amechoka, akalala, na jukumu la kueleza likamwangukia Othmar.

Kumpa Othmar habari ndefu ni kumpa mtu ng'ombe akuletee mkia. Kunigunda alimuuliza daktari kasema nini. Othmar akafikiri, akapunguza, akapunguza tena, akabaki na hiki: "Kasema hakuna aliyemtumia. Ni mwili wake mwenyewe unajila."

Bibi akaweka chini ungo aliokuwa anapepeta.

Na wewe ungeweka. Mtu anayeliwa na kitu chake mwenyewe, kusini yote inajua ni nani. Ni yule aliyetuma kitu kwa mwingine, kikakuta mlango umefungwa, kikamrudia. Kesho yake simu zilikuwa zinapanda na kuteremka mlima. Na Cleopa, ambaye tangu amchukue dada yake hakuwa amemsalimia mtu wa Mpepai, akaongea na Kunigunda kwa muda mrefu na kwa heshima zote, shikamoo mama, marahaba mwanangu. Yeye alikuwa na habari za kichwa kilichonyolewa; bibi alikuwa na habari za daktari. Wakaziunganisha zikaingiana kama kufuli na ufunguo wake. Koo mbili zikapatana kweli, kama Lidia alivyoomba. Zilipatana juu yake.

Wakaitisha sengu. Zamani sengu ilikuwa ukoo kula pamoja kwa babu kila siku na kusemezana; siku hizi imebaki ya sikukuu na ya kumsema mtu. Aliyeongoza ni Pankras, baba mkubwa wa Othmar, katekista mstaafu, mtu mpole anayeongea kama anayemlaza mtoto. Cleopa alipanda na samaki wa zawadi. Watu wakala kwanza, wakanawa. Lidia alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango, kitambaa kichwani, mwavuli pembeni.

Pankras akasema hakuna anayemchukia. Akasema yeye ni mtoto wao, na ngolo zake kila mtu anazijua. Binadamu wote wanateleza. Nyumba inataka amani tu. Kuna mganga mzuri upande wa Chiwanda, si wa matusi, anapokea hata walimu. Aende huko mchana, kwa gari, na mumewe. Anyolewe vizuri, mbele ya mashahidi wa pande zote, anywe dawa, aache kwa muda hivi vidonge visigombane na dawa ile. Akirudi, atakula na wenzake, atalala nyumbani kwake, na mtu atakayefungua mdomo juu ya jambo hilo atajibu kwa ukoo.

Na walikuwa wanamaanisha. Hilo ndilo lililomtia Lidia jasho. Ingekuwa mtego angeuruka. Ulikuwa mlango, tena wazi, na nyuma yake kulikuwa na jiko lake, na kitanda chake, na yule mtu wa maneno machache na mafuta yake ya alizeti. Alichotakiwa kutoa ni nywele ambazo hata hivyo hakuwa nazo.

"Mama Glorious," Othmar akasema. Watu wakageuka, maana hakuna aliyewahi kumsikia akisema kikaoni. "Kubali. Najua si kweli. Ni nywele tu."

Lidia alimtazama. Pale ndipo alipojua kwamba mumewe anamwamini, na ndipo alipojua kwamba haitasaidia.

"Shikamoo, baba mkubwa," akamwambia Pankras. "Shikamooni wote. Nywele zenyewe mtahangaika kuzitafuta, mganga atataka miwani." Mtu mmoja nyuma akacheka akajizuia. "Kama ni mimi peke yangu, ningekwenda leo. Nimechoka kukaa peke yangu, siwadanganyi. Lakini nikinyolewa mimi, mmemnyoa na Glorious. Kesho akija mtu kumposa ataambiwa mama yake alinyolewa Chiwanda, mkaangalie na mtoto. Mimi daktari kaniambia nisimhesabie mtoto ugonjwa ambao hana. Basi na uchawi vilevile. Siendi."

Kunigunda akawa anaangalia mikono yake. Pankras akauliza tena kwa upole, na Lidia akajibu vilevile kwa upole, na wakaendelea hivyo mpaka upole ukaisha pande zote. Cleopa akasema kama ni hivyo basi kule ziwani asirudi kwanza, kuna watoto wadogo. Pankras akasema na hapa, mpaka atakapofikiri vizuri, si vyema akae, wala ashike mbegu. Hakuna aliyepaza sauti. Samaki waliobaki wakagawanywa.

Othmar ndiye aliyetafuta chumba. Kwenye ile barabara ya lami inayotoka Mbinga kuteremka Mbamba Bay, katikati ya mteremko, kuna kijiji kidogo chenye miti mikubwa, ambapo baridi ya juu imekwisha kulegea na joto la chini halijafika. Daktari angepapenda. Chumba kimoja, baraza, jirani mmoja anayeitwa Walburga, muuza vitumbua, mtu wa kuhamia kama yeye. Walburga alimuuliza siku ya kwanza anaumwa nini. Lidia, ambaye kwa miaka miwili hakuna mtu aliyemuuliza ili ajibiwe, akakaa akaeleza yote, askari, mishipa, magonjwa yaliyopanga nyumba moja. Katikati ya maelezo Walburga akapiga mwayo, akasema pole sana, akaomba kuazima kibiriti. Lidia alimpenda palepale.

Dawa zilifanya kazi zao polepole. Akaweza kufuma, kwa siku ambazo vidole vinakubali, na akawa anauza sweta za watoto kwa wanaopanda juu. Glorious anakuja likizo, wanalala kitanda kimoja. Othmar anakuja baadhi ya Jumamosi na unga, na kahawa ya kukaanga kwenye mfuko wa nailoni. Safari moja alikaa barazani akaangalia lami mpaka kivuli kikahama, kisha akasema mama ameshindwa ngolo sasa, ameletewa binti wa kumsaidia, wa ukoo wa mbali, mchapa kazi. Anaitwa Gertrude. Lidia akauliza anachimba vizuri? Othmar akasema ndiyo. Baada ya muda akaongeza, "Lakini si kama wewe." Akamwomba radhi, au karibu na hapo, alisema mvua mwaka huu imechelewa.

Alilala. Asubuhi Lidia akamsindikiza barabarani amejifunika mwavuli, jua lilikuwa limeanza kuuma. Gari la juu likaja upesi, Othmar akapanda, likaondoka. Hakukuwa na haja ya kuendelea kusimama, lakini akasimama. Likatokea la kuteremka ziwani, nusu tupu, likapunguza mwendo, utingo akatoa kichwa nje ya mlango.

"Mama, Bay? Nafasi ipo ya dirishani."

"Siendi, mwanangu."

"Unasubiri la Mbinga?"

"Hapana. Mimi ni wa hapa."

Utingo akatazama huku na huku, miti, vibanda viwili, mbuzi mmoja, kama anayetafuta hapa penyewe ni wapi. Akagonga bati, gari likaenda. Lidia akageuza mwavuli upande jua lilikotokea, akarudi kumeza dawa ya asubuhi.